Ampuli za vitamini D na homa ya ini

SWALI: Jambo, Muganga. Mume wangu alipimwa akakutwa na homa ya ini B, akaandikiwa tenofovir, kidonge kimoja kila siku. Sasa kijana wa farmasi amemwambia vitamini D inazuia kirusi kuzaana, akamuuzia ampuli nne za uniti 200,000. Amekunywa mbili ndani ya juma moja, na vidonge kaviweka kando. Ni kweli?
Mama Watoto, Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama, kwanza kabisa: leo hii arudie kidonge chake, na kesho amwone daktari aliyemwandikia. Tenofovir ikikatizwa ghafla, kirusi huweza kuamka kwa hasira na ini likaumia kuliko mwanzo.

Kijana wa farmasi hakulitunga. Mwaka 2011 watafiti wa Israeli walitia vitamini D kwenye seli za ini zilizokuzwa maabara, na kirusi cha homa ya ini C kikapungua. Lakini hicho ni C, cha mumeo ni B. Kwa B, Frankfurt, mwaka 2013, walipima wagonjwa 203: waliokuwa na vitamini D kidogo ndio waliokuwa na virusi vingi damuni. Hapo ndipo watu wanaporukia dukani. Nani kamzaa nani: upungufu wa vitamini, au kirusi? Ini ndilo linaloanza kuipika vitamini D tunayoipata juani, figo humalizia. Mpishi akiumwa, chungu hutoka nusu.

Ampuli mbili zilizobaki azifunge kabatini. Vitamini hii haitoki na mkojo kama vitamini C. Hukaa kwenye mafuta ya mwili. Ikizidi, kalisi (kalsiamu) hupanda damuni: kiu, kichefuchefu, mawe ya figo. Na tenofovir nayo hutokea figoni, kwa hiyo figo hizo tusizitwishe mizigo miwili. Akitaka vitamini D, jua la Bukavu halina bei, na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wanayo. Mimi nawala na pilipili, sihesabu uniti.

Swali ambalo hukuuliza ndilo linanisumbua: wewe umepimwa? Kama huna kirusi, chanjwa dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na miezi 6 baada ya dozi ya kwanza. Watoto nao wapimwe, na uangalie kadi zao za chanjo, maana pentavalenti, chanjo ya watoto ya magonjwa matano, ina kinga ya B ndani yake. Wembe na mswaki wake viwe vyake peke yake. Sahani ya ugali mle pamoja kama zamani, haiambukizi.