Mnaoanza kuseti alamu za mzunguko kwenye monita ya mashine ya kupandia, someni hii kwanza

Wengi wakipewa monita kwa mara ya kwanza wanakimbilia kuandika namba za alamu, yaani feni inayopuliza mbegu kwenye mabomba izunguke mara ngapi kwa dakika, shafti inayotoa mbegu mara ngapi, halafu wanaondoka. Subiri kwanza. Anza na idadi ya sumaku zilizofungwa kwenye kinachozunguka, manake sensa haijui mzunguko, yenyewe inahesabu tu sumaku zinazopita mbele yake, na kompyuta ndo inagawa kwa idadi uliyoiambia. Shafti ikiwa na sumaku mbili na wewe umeandika moja, skrini inasoma mara mbili. Niliwahi kupanda hivyo, skrini inaonyesha feni 4000 kumbe ni 2000, alamu kimya muda wote kwa sababu kwa hesabu yake mambo yako sawa, huku mbegu zinalala kwenye mabomba. Nilikuja kugundua miche ilipoota, mistari mizima tupu, na hapo huna la kurekebisha. Tangu siku hiyo sianzi msimu bila kuipima feni kwa takometa ya mkononi, kile kifaa cha kupima mzunguko, na kulinganisha na skrini.

Sasa feni. Kama inaendeshwa na haidroliki usiseti asubuhi mafuta yakiwa baridi, iache izunguke mpaka yapate moto ndo usome namba, kwa sababu itabadilika tu. Ikitulia mfano kwenye 4000, mimi naweka alamu ya chini 3600 na ya juu 4400. Ukibana zaidi ya hapo italia kila trekta likipanda kilima.

Shafti ya mbegu ni habari nyingine kabisa, hasa ile inayovutwa na gurudumu la ardhini. Yenyewe inafuata mwendo wako, yaani kama kwa kilomita 8 kwa saa inazunguka 40, ukishuka kilomita 5 inakuwa 25, na hakuna kilichoharibika! Ukiweka chini 35 utapigiwa kelele siku nzima na baada ya saa mbili opereta ameshazoea, hata mnyororo unaoizungusha ukikatika kweli hageuki kuangalia. Angalia mwendo wa polepole kabisa unaopandia, shuka kidogo chini yake, weka hapo. Kazi ya alamu hii ni kukuambia shafti imesimama, basi.

Na sensa iko wapi? Hili watu hawaulizi. Ikiwa upande wa gurudumu, kabla ya mnyororo, mnyororo ukikatika sensa inaendelea kusoma kama kawaida wakati mbegu hazitoki. Ihamishie kwenye shafti ya mwisho, ile inayogusa mbegu yenyewe.

Swichi ya kunyanyua mashine iunganishe pia, ili ukigeuza mwisho wa shamba monita inyamaze. Na ule muda wa kuchelewesha alamu usiuweke mrefu, kwa kilomita 8 kwa saa unatembea zaidi ya mita 2 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 5 ni mita 11 hivi bila mbegu, zidisha na upana wa mashine uone eneo lilivyo kubwa.

Ukimaliza ijaribu. Punguza feni taratibu mpaka ilie, halafu chomoa waya wa sensa ya shafti mashine ikiwa inatembea imeshushwa, uone kama monita inalalamika. Feni ikishuka bila alamu kulia, rudi kwenye sumaku uanze kuhesabu upya; waya ukichomolewa bila kelele, angalia upya ulivyoseti alamu ya shafti.