Gemu zimeingia kufuli kwenye PS4 niliyonunua mkononi

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Masasi. Baada ya malipo ya korosho msimu uliopita nilinunua PlayStation 4 mkononi kwa jamaa mmoja wa Mtwara mjini, ikiwa na gemu sita ndani, nikafungua kibanda cha gemu. Miezi miwili ilipiga kazi bila shida. Wiki iliyopita niliiunganisha na intaneti ya simu ili ipate apdeti, ilipowaka tena gemu zote sita zina alama ya kufuli. Aliyeniuzia hapokei simu. Je, mashine imeharibika? Zinafunguka? Na sheria inanilinda, maana hela nilitoa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Mashine yako ni nzima. Fundi akikuambia ubao umeungua au diski imekufa, usimpe hela yako. Kilichofungwa ni leseni, na mwenye uwezo wa kuifungua ni yule mwenye akaunti iliyonunua zile gemu.

Sisi watu wa kusini jambo hili tunalijua kwa jina lingine. Ukishapeleka korosho chama cha msingi, magunia yanalala ghalani, lakini mwenye mali ni yule ambaye jina lake liko kwenye stakabadhi. Mlinzi anaweza kuegemea magunia yako usiku kucha, hayawi yake. Gemu za kupakua ziko hivyo hivyo. Mafaili yote yamo ndani ya mashine yako, hakuna kilichofutika. Stakabadhi ndiyo haiko kwako. Iko kwenye seva za Sony, kampuni yenye PlayStation, kwa jina la akaunti ya aliyekuuzia.

Sasa kwa nini ilifanya kazi miezi miwili? Kila akaunti inaruhusiwa kuteua PS4 moja tu kuwa mashine yake kuu. Kwenye mashine kuu, yeyote anayeshika pedi anacheza gemu za akaunti ile, hata bila intaneti. Kwenye mashine nyingine yoyote, lazima mwenye akaunti awe ameingia kwa nenosiri lake na intaneti iwepo. Yako ilipouzwa ilikuwa bado mashine kuu. Baadaye, kwa ninavyoona mimi, jamaa alipata mashine nyingine akaihamishia ukuu, au aliiuza akaunti ile ile kwa mtu wa pili. Mchezo huo upo, na nimeshapokea mezani kwangu mashine mbili zilizofungwa na akaunti moja. Yako haikuwa na habari hadi ulipoiunganisha na mtandao. Ilipouliza, ikajibiwa kwamba yenyewe siyo kuu tena.

Kufungua: njia halali ni moja, aliyekuuzia aingie kwenye akaunti yake akiwa mbele ya mashine yako, aiteue kuwa kuu, kisha aende kwenye mipangilio ya akaunti arudishe leseni. Ni kazi ya dakika tano. Lakini nakuambia ukweli, hata akikubali leo, kesho anaweza kuiondoa akiwa kwake kitandani, na masharti ya Sony hayaruhusu akaunti kuuzwa wala kupewa mtu mwingine. Hutakuwa umenunua kitu, utakuwa unaishi kwa hisani yake.

Kuna watakaokushauri uichezee programu yake ili ikubali gemu za kopi. Mimi kazi hiyo siifanyi. Mashine iliyochezewa ikigundulika inafungiwa mtandao moja kwa moja, na gemu za kopi ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hukuniuliza, lakini nitakuwa nimekunyima haki yako nikinyamaza: hata gemu halali, leseni yake imeandikwa kwa matumizi binafsi. Kutoza watu kwa dakika kibandani ni jambo jingine. Kabla hujapanua biashara, waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Kuhusu hela yako, usikate tamaa mapema. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi kwamba ana haki ya kuuza anachokiuza. Mashine alikuwa na haki nayo, na ni yako. Gemu hakuwa na haki ya kuziuza, na bei uliyolipa ilizihesabu. Kwa hiyo unachodai ni ile tofauti, bei ya PS4 yenye gemu sita ukitoa bei ya PS4 tupu siku ile. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe daftari unalo bila kujijua: ujumbe wa muamala wa simu, tangazo lake kama hukulifuta, zile meseji alizoandika "gemu sita zimo ndani". Zipige picha leo. Anza na mwenyekiti wa mtaa wake, ikishindikana nenda Mahakama ya Mwanzo, huko hutahitaji wakili. Ungekuwa umenunua dukani kwa mfanyabiashara, ningekupeleka pia Tume ya Ushindani, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi.

Lakini lawama yote nikimtupia jamaa wa Mtwara mjini nitakuwa nimesema nusu. Yeye naye alipobonyeza kitufe kilichoandikwa "nunua", hakuuziwa. Alipewa ruhusa ya kutumia, isiyohamishika wala kurithiwa. Duka likiandika "nunua" wakati linakodisha, huko ni kumdanganya mteja, na ninaamini hivyo kwa moyo wangu wote. Jimbo la California huko Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kazi Januari 2025, kwamba muuzaji wa bidhaa za kidijitali asitumie neno kama "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kuwa anapewa leseni tu. Ni hatua ndogo, lakini naitamani hapa kwetu. Sisi tuko nyuma hata ya hapo: Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, mtandao wa Sony wa akaunti na gemu, ndiyo maana vijana wetu hufungua akaunti za Uingereza, Marekani au Afrika Kusini. Mwezi Mei 2024 gemu ya Helldivers 2, ya Sony hao hao, iliondolewa kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, katika nchi zaidi ya 170 ambazo mtandao huo haujafunguliwa. Mteja wa nchi kama yetu akionewa, hata mlango wa kugonga hauoni.

Basi nunua CD. Gemu ya CD kwenye PS4 inajipakia yote ndani ya mashine, lakini inadai CD iwemo ndipo icheze. Wengi wanaona kero. Mimi naiona kinga, kwa sababu stakabadhi ni ile CD yenyewe. Ukiichoka unaiuza Newala, unaiazima kwa ndugu yako Nachingwea, na haki inasafiri nayo. CD za PS4 hazibagui nchi pia, ya Dubai inacheza Masasi. Mwezi Septemba 2023 matoleo ya FIFA, la 23 likiwemo, yaliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni, na tangu hapo huwezi kulinunua kwa kupakua. Mwenye CD anaendelea kucheza, na akitaka anaiuza.

CD nayo siyo dawa ya kila kitu. Mwaka 2014 Ubisoft ilitoa The Crew, gemu ya magari iliyodai intaneti hata ukicheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na kila CD ya gemu ile ikawa kigae. Kutokana na hasira hiyo Ross Scott, mtayarishaji wa video, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, na ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka sahihi milioni 1 mwezi Julai 2025. Wanachodai ni kwamba kampuni ikichoka kuendesha gemu, iiache katika hali ya kuchezeka. Dai hilo nalibeba mabegani. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, soma nyuma ya kava. Ikiwa imeandikwa kwamba intaneti ni lazima, irudishe kwenye rafu.

Ukienda kununua mashine nyingine mkononi, mwambie muuzaji afute akaunti yake na kuirudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani, ukiwa unatazama. Kinachobaki baada ya hapo ndicho unachonunua, na bei ipangwe kwa hicho. Ingia na akaunti yako mwenyewe, uone kama mashine haijafungiwa mtandao. Ingiza CD, sikiliza inavyosoma. Ikiwa ilikaa Shangani au Mikindani, mulika tundu la HDMI, la waya wa TV, kwa tochi ya simu, maana chumvi ya bahari inakula pini kimyakimya, na hiyo kazi ya kubadilisha tundu siyo rahisi.

Hiyo uliyonayo usiifute kwanza. Kazi walizofikia wateja wako kwenye gemu zile bado zimo, na siku ukipata CD ya gemu ile ile, ya toleo lile lile, mara nyingi wataendelea pale walipoachia. Anza na ya mpira, ndiyo inayolipa kodi ya kibanda.