Jibu: Mbona mitaa mipya haina njia za kutokea?

Ndugu, umeuliza kwa nini kule Kasarani, Nairobi, unaiona steji kwa macho lakini kuifikia ni mzunguko wa nusu saa, na kama hali hii hujirekebisha miaka ikipita.

Haijirekebishi. Nyumba huvunjwa pakajengwa ghorofa, lakini barabara ikishachorwa hubaki pale vizazi na vizazi.

Wanaopima jinsi mitaa inavyounganika huhesabu barabara ngapi zinakutana kila makutano. Nne ni bora, tatu si haba. Ncha isiyotokea popote huhesabiwa moja tu. Nchini Marekani, mitaa mipya ilizidi kukatikakatika hadi miaka ya 1990, kisha iliyofuata ikaanza kuunganika tena. Ile ya zamani ilibaki vilevile.

Kwetu chanzo kikubwa ni shamba. Mwenye ekari tano anakata ploti, anapasua barabara moja ya kuingilia, inagota kwenye ua wa jirani. Jirani naye akiuza, anafanya yayo hayo, na mitaa miwili inapeana mgongo. Linganisha na barabara za Tom Mboya na River Road katikati ya Nairobi, ambako ukifungiwa huku unapenyea kule.

Nilipokaa Umoja kulikuwa na kichochoro cha watu wawili kupishana. Kilipozibwa kwa mabati, mama mboga wa pale mdomoni alihama kabla mwezi kuisha. Iliniuma sana.

Tafuteni ramani ya upimaji sasa, kabla ploti ya mwishoni haijajengwa. Kijia cha miguu tu cha kupenyea hapo kinatosha.