Dakika 17 za Ned Kelly: maswali yenu kuhusu filamu ya 1906

Tangu tuitaje filamu ya Australia iitwayo The Story of the Kelly Gang, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Melbourne tarehe 26 Desemba 1906, barua hazijakoma. Tumechagua maswali manne.

Mnasema ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya maigizo duniani, lakini niliyoipata mtandaoni ni dakika 17. Nimepunjwa? (Msomaji, Tanga)

Hujapunjwa. Filamu kamili ilikuwa na urefu wa futi 4,000 hivi, zaidi ya saa moja, enzi ambayo filamu nyingi ziliishia roli moja (mkanda wa futi 1,000 hivi) au pungufu. Aliyeiongoza ni Charles Tait. Ndugu zake John na Nevin walikuwa watu wa biashara ya maonyesho, na wenzao Millard Johnson na William Gibson walikuwa wanakemia waliojua kusafisha mikanda. Sehemu kubwa ilipigwa Heidelberg, pembezoni mwa Melbourne.

Sehemu kubwa ya mkanda ilipotea, na shida ilikuwa kwamba kisa kilikuwa bado kibichi. Ned Kelly, jambazi wa msituni wa Australia, alinyongwa tarehe 11 Novemba 1880, miaka 26 tu kabla ya filamu, na mama yake, Ellen, alikuwa bado hai. Aprili 1907 serikali ya jimbo la Victoria ilizuia isionyeshwe Benalla na Wangaratta, miji ya eneo lile lile la akina Kelly. Mwaka 1912 filamu zote za majambazi wa msituni zikapigwa marufuku Victoria na New South Wales. Mkanda usioingiza senti nani atautunza?

Vipande vilianza kuonekana miaka ya 1970, vingine vya sekunde chache tu. Kimoja kiliokotwa jalalani. Kikubwa kuliko vyote, cha dakika 11 hivi, kilipatikana Uingereza, na mwaka 2006 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ikaviunganisha. Mwaka 2007 UNESCO iliiingiza filamu hiyo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Kwa hiyo ukiona kisa kinaruka, si kosa la mhariri wa mwaka 1906. Hapo pana shimo. Bahati nzuri kijitabu walichouziwa watazamaji kimesalia, nacho kinaeleza kisa chote kwa sehemu sita. Kisome kwanza, ndipo utazame.

Mbona watu wanatembea mbiombio kama kuku waliotimuliwa? (Msomaji, Nakuru)

Hiyo ni kasi ya uonyeshaji, si ya waigizaji. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono: mzunguko mmoja wa mpini ulipitisha fremu 8, na mpiga picha alilenga mizunguko miwili kwa sekunde, yaani fremu 16. Mkono ukichoka, hesabu inashuka. Pakiwa na purukushani, inapanda. Mitambo ya baadaye, ya filamu zenye sauti, hupitisha fremu 24.

Piga hesabu mwenyewe. Futi moja ya mkanda wa milimita 35 ina fremu 16, hivyo futi 4,000 ni fremu 64,000. Kwa fremu 16 kwa sekunde unapata dakika 67. Kwa 18, dakika 59. Kwa 24, dakika 44 tu. Ndiyo maana hata vitabu havikubaliani juu ya urefu wa filamu bubu.

Dawa yake ni rahisi. Ukiona wanakimbia, nenda kwenye mipangilio ya kasi uchague 0.75: fremu 24 zinakuwa 18. Tazama mtu anayeshuka farasi au kuanguka, maana kuanguka hakudanganyi. Akielea kama yuko majini, umepunguza mno. Nakala iliyokarabatiwa imeshasawazishwa, hiyo usiiguse.

Klabu yetu ya filamu inataka kuionyesha. Tuiache kimya? (Msomaji, Arusha)

La hasha! Bubu ni mkanda, si ukumbi. Kando ya pazia alisimama msimulizi akieleza nani ni nani, na nyuma ya pazia kulikuwa na watu wa kuigiza sauti za kwato na risasi. Waliokulia vibanda umiza wakimsikiliza Lufufu au DJ Afro hawahitaji somo hapa.

Kwa kwato tumia vifuu viwili vya nazi vilivyokauka. Vigonge juu ya ubao mtupu kwa barabara ngumu. Tandika gunia juu ya ubao kwa njia ya udongo. Farasi akitembea hutoa mapigo manne yaliyo sawa, akienda mbio za wastani hutoa matatu na kituo kidogo. Wengi hukosea hapa: wanagonga mawili mawili na farasi anageuka saa ya ukutani. Kwa risasi, piga ufito mwembamba juu ya mto wa ngozi. Fataki ndani ya chumba ni hatari, na moshi utaficha pazia. Msimulizi afanye mazoezi na picha walau mara tatu, na kwenye mashimo ndipo aseme kwa kirefu.

Mmoja wenu aliuliza pia kuhusu vazi la chuma analovaa Ned filamuni. Deraya ya Ned ilikuwa ya kweli: iliundwa kwa mabapa ya plau, unene wa milimita 6 hivi, uzito wa kilo 44 hivi. Ilikinga kichwa na kiwiliwili. Kule Glenrowan, Victoria, Juni 1880, polisi walimwangusha kwa kumpiga miguuni.

Nimerithi mikanda ya zamani yenye harufu kali. Je, italipuka kama nitrati ya kina Kelly? (Msomaji, Mombasa)

Pima upana kwanza. Ikiwa ni milimita 8 au 16, karibu hakika si nitrati, ile plastiki ya mikanda ya zamani inayowaka upesi. Harufu ya siki ni asetati, plastiki nyingine ya mikanda, inayooza. Itenge na mizima, iweke mahali pa baridi penye hewa, usiifunge ndani ya mfuko wa plastiki.

Ikiwa ni milimita 35 na ya kabla ya miaka ya 1950, soma maandishi ya pembeni. Yakisema SAFETY, tulia. Yakisema NITRATE, au ukiona picha imefifia, mkanda unanata au umetoa unga wa kahawia, usiukunjue wala usijaribu kuuchoma kipande ili uhakikishe. Nitrati hubeba oksijeni yake yenyewe, hivyo huendelea kuwaka hata chini ya maji, na ikishaoza sana inaweza kujiwasha kwenye joto la nyuzi 41. Stoo ya bati mchana wa Februari hufika hapo. Itoe ndani ya nyumba, iweke kivulini kwenye kopo lisilobana, kisha wapigie zimamoto kabla ya kumpigia mtu wa kuihamisha kwenda dijitali.