Bwawa la mita 50 kwa aliyezoea la mita 25

Muogeleaji wa nchi ndogo anayekwenda mashindano ya dunia huwaza wapinzani, kumbe kinachomshinda kwanza ni bwawa. Aliyekulia kwenye la mita 25 hugeuka mara tatu katika mita 100, na kila akijisukuma ukutani mikono hupumua kidogo. Kwenye la mita 50 hugeuka mara moja tu. Mita ya 35 mikono huanza kufupika na miguu huzama. Kama nyumbani hamna bwawa refu, geuka hatua mbili kabla ya ukuta, bila kuugusa, kisha endelea kwa nguvu za mikono peke yake. Ni zoezi baya, na ndiyo maana linafaa.

Jukwaa la kurukia lina kibao cha mteremko cha mguu wa nyuma, nacho husogezwa. Siku ya mazoezi jaribu kila nafasi, ukariri iliyokufaa.

Jifunze filimbi mapema. Zile fupi fupi: vua nguo za juu. Moja ndefu: panda jukwaani. Kwa mtindo wa mgongo, ndefu ya kwanza ni kuingia majini, ya pili ni kurudi ukutani. Ukisikia amri ya kujiweka tayari, jiweke kisha ganda, kwani anayeanza kabla ya mlio hutolewa, hapewi nafasi ya pili. Sydney 2000, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 peke yake kwa dakika 1 na sekunde 52.72 kwa sababu wenzake wawili walitolewa hivyo hivyo.

Vazi liwe na alama ya kuidhinishwa na shirikisho la dunia. Likiwa jipya huchukua hata dakika 20 kuvaa. Livute kwa nyama ya vidole, maana kucha hulichana. Beba miwani ya akiba.

Wenye muda wa polepole, au wasio na muda kabisa, hupangwa kundi la kwanza la mchujo, linaloogelea kabla ya mengine. Wengi hulisahau hilo, wakaitwa chumba cha kusubiria bado wanapasha mwili. Soma orodha usiku uliotangulia, uhesabu saa kurudi nyuma.

Mwishoni bonyeza kibao cha ukutani kwa nguvu. Ukikipapasa tu, saa haisimami.