Maswali ya Wasomaji: Chupa Hufunguliwa Bunduki Zikishafungwa

Barua za safari hii nyingi zimetoka Marekani, hasa Kentucky, ambako wasomaji wetu waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda wanaishi jirani na viwanda vya wiski na viwanja vya kulenga visahani vya udongo. Tumechagua zile zilizouliza jambo mahsusi.

Mhariri, shikamoo. Wenzangu kazini ni wapenzi wa shotigani, bunduki ya marisau. Jumamosi wanapiga visahani, kisha wanachoma nyama na kuonja wiski. Wamenialika na kuniambia nije na chupa ya Bourbon, wiski ya Kimarekani ya mahindi. Sitaki chupa ya kuniaibisha, na hela ya kuchezea sina. Ninunue ipi?
*Msomaji, Lexington, Kentucky*

Marahaba. Nunua Wild Turkey 101. Inakenekwa Lawrenceburg, si mbali na hapo ulipo, na jina lake limezaliwa mawindoni. Kampuni yenyewe husimulia kwamba mwaka 1940 mkuu wake mmoja, Thomas McCarthy, alichukua sampuli za ghalani akaenda nazo kuwinda bata mzinga wa mwituni. Baadaye wenzake wakawa wanamwomba awaletee tena ile wiski ya bata mzinga. Ndege huyo huko huwindwa kwa marisau, kwa hiyo mezani pa watu wa shotigani chupa hiyo haihitaji kutambulishwa. Ndani yake kuna mahindi asilimia 75, rai 13 na kimea cha shayiri 12. Rai ni nafaka ya ukoo wa ngano, na ndiyo inayoleta ule ukali wa pilipili manga.

Ukiikosa, chukua Evan Williams yenye lebo nyeupe iliyoandikwa *Bottled-in-Bond*. Maneno hayo matatu yana uzito kuliko picha yoyote ya farasi kwenye lebo. Ni sheria ya mwaka 1897, iliyotungwa wakati wafanyabiashara walipokuwa wakitia pombe kali changa rangi ya tumbaku na iodini na kuiuza kama wiski. Inataka wiski iwe ya kiwanda kimoja na ya msimu mmoja, ikae miaka isiyopungua 4 kwenye ghala lililo chini ya uangalizi wa serikali kuu, na iingie chupani ikiwa na alkoholi asilimia 50 kamili. Kwa bei ya chini hakuna dhamana inayoizidi hiyo. Kama unajua wenzako wanapenda laini, Maker's Mark hutumia ngano badala ya rai, nayo ni asilimia 45.

Utaona kwamba watu wa shotigani wanapenda asilimia 50 na kuendelea. Si ubabe tu. Wanakunywa nje, kwenye joto, kwa nyama yenye mafuta, na barafu inayeyuka haraka. Wiski ya asilimia 40 katika hali hiyo baada ya dakika 10 imebaki maji ya rangi. Ya 50 bado ina la kusema.

Sasa utaratibu, maana mgeni hupimwa kwa huo kabla ya chupa yake. Hakuna tone kabla ya risasi ya mwisho, hata bia moja. Bunduki hukunjwa wazi, au bolti ikavutwa nyuma kwa zile za aina hiyo. Kila chemba, pale inapokaa risasi, hukaguliwa kwa jicho na kwa kidole, bunduki zikafutwa, zikaingia mikobani na kufungiwa. Funguo anazishika mtu mmoja, naye ndiye asiyekunywa. Huyo mpelekee Ale-8-One, soda ya tangawizi inayotengenezwa tangu 1926 katika mji wa Kentucky uitwao, hebu fikiria, Winchester. Yeye ndiye dereva pia.

Halafu nawa mikono kwa sabuni na maji ya baridi kabla ya kushika nyama au glasi. Unga wa madini ya risasi (lead) hubaki vidoleni baada ya kupiga, na kwa mla nyama kwa mkono huo ni sumu anayojilisha mwenyewe. Kama umesafisha mtutu kwa dawa yenye harufu kali kama Hoppe's No. 9, nawa mara mbili. Harufu hiyo ikiwa kidoleni huwezi kuonja kitu.

Nimenunua Old Grand-Dad 114 kwa sababu kaka yangu, mpigaji wa skiti (mchezo wa kulenga visahani), haishi kuisifu. Inaniunguza koo. Niongeze maji kiasi gani bila kuiharibu?
*Dada wa Louisville, Kentucky*

Kwanza hesabu. Namba 114 ni prufu, kipimo cha Kimarekani. Igawe kwa mbili upate asilimia: 57. Kuipunguza, zidisha ujazo ulio nao kwa asilimia yake, kisha gawanya kwa asilimia unayoitaka. Mililita 45 mara 57, gawa kwa 45, ni mililita 57. Una 45 tayari, basi ongeza 12, yaani vijiko viwili na nusu vya chai.

Lakini usiyamwage yote kwa mpigo. Tia nusu kijiko, zungusha glasi, ngoja dakika moja, onja. Rudia hadi mwasho uondoke na utamu wa karameli utokeze. Wengi huridhika kabla ya kufika kijiko cha pili. Maji yawe ya joto la chumba na yasiwe na harufu ya klorini, maana klorini hujitokeza haraka sana kwenye wiski. Ukitaka barafu, pande moja la sentimita 5 huyeyuka polepole kuliko vipande sita vidogo. Na ukinusa, usizamishe pua ndani ya glasi. Iweke juu ya ukingo, mdomo ukiwa wazi kidogo, vinginevyo alkoholi itatia pua ganzi kabla hujaonja lolote.

Kuna jambo ambalo kaka yako pengine hakukuambia. Kipimo kimoja cha Kimarekani, mililita 44 za asilimia 40, kina gramu 14 za alkoholi. Ujazo huohuo wa hiyo 114 una gramu karibu 20. Glasi tatu zako ni zaidi ya nne za mwenzako. Mwili wa mtu wa kawaida huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na kahawa, kuoga au supu haviharakishi chochote. Aliyekunywa gramu 70 na kumaliza saa tano usiku anaweza kuamka saa moja asubuhi akiwa bado na pombe damuni. Kama kesho yake kuna mashindano, haruhusiwi kushika bunduki, hata akijihisi mzima. Mpange ratiba kwa hesabu hiyo, si kwa hisia.

Rafiki yangu anasema wiski ya rai ya Kentucky na ya Indiana ni vitu viwili, lakini lebo zote zinasema Straight Rye. Nani mkweli? Tena kila nikichanganya Manhattan, kinywaji cha wiski na vamuthi, inakuwa na ladha ya zabibu zilizochacha.
*Msomaji, Des Moines, Iowa*

Wote wakweli. Sheria inataka rai isipungue asilimia 51, na pipa liwe jipya, la mwaloni uliounguzwa ndani. Neno *Straight* linaongeza angalau miaka 2 pipani. Viwanda vya Kentucky kwa desturi hukaa karibu na hiyo 51 na kujaza pengo kwa mahindi, ndiyo maana Rittenhouse, ya asilimia 50, ni tamu na hufanana na Bourbon iliyotiwa viungo. Kiwanda kikubwa cha Lawrenceburg ya Indiana (ndiyo, kuna Lawrenceburg mbili, nazo huchanganya hata wenyeji) kinajulikana kwa mchanganyiko wa rai 95 na kimea cha shayiri 5. Huo ndio uliomo ndani ya Bulleit Rye. Una mnanaa, bizari ya majani na ukavu. Kwa hiyo soma mgongo wa chupa. Kama wiski imekenekwa jimbo jingine, jimbo hilo sharti liandikwe.

Viwanda vingi havikimbilii rai nyingi kwa sababu ina tabia mbaya jikoni. Uji wake hunata kama gundi, hutoa povu jingi na kushika chini ya mtambo.

Kuhusu Manhattan yako, kosa halimo kwenye wiski. Vamuthi ni divai. Ikifunguliwa na kuachwa kabatini miezi, inachacha. Iweke kwenye friji na uimalize ndani ya mwezi mmoja au miwili. Ukinywa kwa nadra, nunua chupa ndogo. Kipimo ni wiski ya rai mililita 60, vamuthi tamu nyekundu 30, na matone ya Angostura (kiungo kichungu cha chupa) kwa mitikiso 2. Koroga na barafu sekunde 30, chuja kwenye glasi iliyopoozwa. Usiitikise kwenye kopo, itatoka na ukungu na mapovu. Tumia Rittenhouse hapa. Ile ya 95 inafaa zaidi ikinywewa yenyewe.

Wazee wa klabu yetu ya trapu (nao hulenga visahani) wanaongelea Pappy Van Winkle, Bourbon ya miaka 20, kama hazina. Je, umri mkubwa ndio ubora?
*Msomaji, Dayton, Ohio*

Hapana, na sababu ni pipa. Wiski ya Uskoti mara nyingi huzeekea kwenye mapipa yaliyokwisha tumika, katika nchi ya baridi. Bourbon huingia kwenye pipa jipya la lita 200, lililounguzwa, na kiangazi cha Kentucky huisukuma wiski ndani ya mbao kwa nguvu. Rangi na vanila huja mapema. Baada ya miaka 12 hivi, mapipa mengi huanza kutoa uchungu wa chai iliyokaa sana, huku kiasi cha wiski kikipungua kila mwaka kwa kuvukizwa. Yanayovumilia miaka 20 ni machache, aghalabu yale ya orofa za chini zenye ubaridi. Bei yake inatokana na uchache huo na ushindani wa kuwa nayo. Kwa ladha, mahali pazuri ni kati ya miaka 6 na 12. Knob Creek ya miaka 9, asilimia 50, itawaridhisha wazee wengi kama hawajaiona lebo.

Sefu yangu ya bunduki ina nafasi. Naweza kuhifadhi humo chupa zangu za thamani?
*Msomaji, Bowling Green, Kentucky*

Usifanye hivyo. Sefu nyingi zina fimbo ya umeme inayopasha hewa ili bunduki zisipate kutu; joto hilo na ukavu huo hukausha kizibo. Humo pia mna mafuta na dawa za mtutu. Na sababu kubwa kuliko zote: anayekwenda kuchukua chupa ya pili usiku hapaswi kuwa anafungua mlango wa bunduki. Weka chupa kwenye kabati lenye giza, zikiwa wima, kwani alkoholi ikilalia kizibo hukimumunyua. Ikibaki robo chupa, hamishia kwenye chupa ndogo ijae, la sivyo hewa itaidhoofisha miezi si mingi.

Jack Daniel's, inayojaa baa zetu, ni Bourbon au siyo?
*Msomaji, Nairobi*

Kwa vipimo ingeweza kuitwa hivyo: mahindi 80, kimea cha shayiri 12, rai 8, pipa jipya. Lakini kabla ya kuingia pipani huchujwa polepole kwenye makaa ya mti wa mepo, na wenyewe wanapendelea iitwe wiski ya Tennessee. Wana pia ya rai, yenye rai asilimia 70.

Mgeni amemwaga wiski kwenye kitako cha bunduki ya marehemu babu mkwe, ya mitutu miwili, mti wa jozi. Imebaki doa jeupe. Nifanyeje?
*Msomaji, Lexington, Kentucky*

Bunduki ilikuwa mezani pamoja na glasi? Soma tena jibu la kwanza.

Doa lenyewe linategemea kilichopakwa. Lowesha pamba kidogo kwa spiriti, gusa mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingoni chini ya bamba la kitako. Pakinata, ni shelaki, aina ya vanishi, na pombe imeiyeyusha. Usiisugue wala usipake kitu juu yake. Mpelekee fundi wa bunduki za kale, maana kukwangua kitako asilia hushusha thamani yake. Pasiponata na mti una mng'ao hafifu, huenda ni mafuta ya kitani, na doa ni unyevu tu. Acha pakauke siku mbili, kisha paka matone machache ya mafuta hayo ya aina iliyochemshwa, sugua kwa kiganja mpaka paote joto, futa yaliyobaki, rudia kesho yake. Matambara uliyotumia yatandaze nje yakauke, usiyakunje na kuyatupa pipani, kwani huweza kuwaka yenyewe. Kagua pia chuma kilicho jirani. Nusu ya wiski ni maji, na kutu huanzia pale mbao zinapokutana na mtutu.