Jicho limeumia kazini na mkataba hakuna: nilivyodai fidia yangu

Mkuu, mpe pole sana mdogo wako. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Ni fundi wa mageti na madirisha, jiwe la grenda, ile mashine ya kukatia chuma, lilipasuka wiki mbili zilizopita na kipande kikampiga jicho la kushoto, mpaka leo anaona ukungu tu. Bosi ametoa laki tatu na sasa anataka asaini karatasi kwamba wamemalizana. Halafu wachangiaji kadhaa hapo juu wamekwambia kwamba kwa kuwa hana mkataba wa maandishi, apokee hizo hizo ashukuru. Hilo si kweli, ndiyo maana nimekaa chini kuandika haya marefu. Mimi yalinikuta mwaka 2019, jicho la kulia, grenda hiyo hiyo, mkataba sikuwa nao, na fidia nililipwa.

Kabla ya pesa, jicho lenyewe. Hujasema kama amepigwa picha ya CT. Mimi hospitali ya kwanza niliyopelekwa nilipewa dawa ya matone, nikafungwa bandeji, nikaambiwa ni michubuko. Siku ya nne maumivu yalizidi, nikaenda kwingine, picha ikaonyesha kipande cha chuma kimo ndani ya jicho. Chuma kikikaa ndani kinafanya kutu, na kutu hiyo inaua retina polepole hata kama kidonda cha nje kimeshafunga. Kwa hiyo mwambie daktari wazi kwamba alikuwa anakata chuma, aulizie CT. Asipelekwe kwenye MRI kabla ya kuhakikisha hakuna chuma ndani, maana ile mashine ni sumaku kubwa na inaweza kukisogeza. Tena mwangalie jicho zima, lile la kulia. Jicho moja likitobolewa, mara chache hutokea la pili nalo likavimba kwa ndani wiki au miezi baadaye. Akianza kuumizwa na mwanga, au jicho hilo la kulia likawa jekundu na kuona kwa ukungu, siku hiyo hiyo arudi kwa daktari wa macho. Asisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Sasa kadi ya hospitali. Itoe uisome leo. Yangu ya kwanza ilikuwa imeandikwa kwamba niliingiwa na kitu jichoni nikiwa nyumbani. Aliyenipeleka alikuwa bosi, mimi nimeziba jicho kwa kitambaa na damu inatoka, yeye ndiye aliyejibu maswali ya pale dirishani. Sikujua mpaka miezi mitatu baadaye, nilipoanza kufuatilia. Sentensi ile moja ilinisumbua kuliko kitu kingine chochote katika safari yote. Nililazimika kurudi, kumweleza daktari, akaniandikia taarifa mpya yenye maelezo sahihi, na bado nikaulizwa kwa nini karatasi mbili zinapingana. Kama kadi ya mdogo wako haisemi kwamba aliumia kazini akitumia grenda, amwombe daktari aandike hivyo kwenye hudhurio linalofuata, pamoja na tarehe ya ajali. Kama PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi, ilichukuliwa, mtunze nakala.

Ile karatasi ya kumalizana asiisaini. Hata kama pesa inahitajika, na najua inahitajika, maana mtu aliyekuwa analeta unga nyumbani amelala. Mimi nilikaribia kusaini. Kalamu nilikuwa nayo mkononi, mama mdogo akainyang'anya ile karatasi akaisoma kwa sauti: "sitakuwa na madai yoyote sasa wala baadaye". Jicho lenyewe bado lilikuwa na nyuzi. Nani alijua litaishia wapi? Tulichofanya, tuliandika yetu: nimepokea shilingi 200,000 kutoka kwa mwajiri wangu kwa ajili ya matibabu ya jicho niliyoumia kazini tarehe fulani. Tukaweka sahihi wote wawili na shahidi. Bosi alisaini bila shida kwa sababu alitaka kumbukumbu ya pesa yake. Karatasi hiyo ikaja kuwa ushahidi wangu wa kwanza kwamba yeye ni mwajiri wangu na kwamba niliumia kazini kwake. Kwa hizo laki tatu, fanyeni vivyo hivyo.

Nije kwenye mkataba, maana ndipo wengi wanapokata tamaa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lolote kati ya mambo kadhaa lipo. Miongoni mwake: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, amefanya kazi kwa mtu huyo wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anapewa vifaa vya kazi, au kipato chake kinamtegemea mtu huyo. Moja tu linatosha. Fundi anayeingia karakana saa mbili asubuhi, anatumia grenda ya bosi, analipwa Jumamosi, huyo ana manne au matano. Kumwita "kibarua" au "deiwaka" hakubadilishi kitu.

Ushahidi upo mwingi kuliko mnavyodhani. Mimi nilikuwa na meseji za malipo ya simu, kila Jumamosi, jina la bosi lile lile, miezi kumi na minne mfululizo. Nilikuwa na picha tuliyopiga siku tunafunga geti la shule, nimevaa fulana ya karakana. Nilikuwa na ujumbe wa sauti wa WhatsApp bosi akiniambia kesho niwahi. Na nilikuwa na mama ntilie wa upande wa pili wa barabara, ambaye chakula changu cha mchana alikuwa anakiandika kwenye daftari lake kwa jina la karakana na kulipwa na bosi mwisho wa wiki. Mama yule alinipa daftari nikalipige picha, ukurasa kwa ukurasa. Sitamsahau. Mwambie mdogo wako asifute meseji hata moja, asibadilishe laini, na kama simu ni mbovu muihamishe kumbukumbu hiyo leo leo. Kampuni ya simu pia inatoa taarifa ya miamala ukiomba.

Pa kudai ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, Sura ya 263. Hii ni ya Tanzania Bara. Mafundi wazee watakwambia fidia ni elfu mia na nane tu, haifai hata nauli. Wanasema hivyo kwa sababu sheria ya zamani ilikuwa na ukomo wa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu. Hiyo ilishaondoka, Mfuko ulianza kazi mwaka 2015 na hesabu zake ni tofauti kabisa. Tena hapa hugombani kuthibitisha nani alizembea. Swali ni kama aliumia kazini na kutokana na kazi.

Mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya ajali kwenye Mfuko ndani ya siku 7. Wa kwenu wiki mbili zimepita, na kwa unavyoeleza hajatoa. Hilo lisiwavunje moyo. Mwandikieni barua ya kumjulisha ajali, nakala mbili, moja asaini kupokea. Akikataa kusaini, nendeni na mjumbe au itumeni kwa njia ambayo itabaki na kumbukumbu. Kisha mdogo wako aende mwenyewe ofisi ya WCF ya mkoa na nakala hiyo. Madai yanatakiwa yafike ndani ya miezi 12 tangu ajali. Miezi 12 inaonekana mingi, lakini mimi ya kwangu mitano iliishia kwenye "subiri kidogo tutaongea". Bosi wangu hakuwa amejisajili wala kuchangia. Nilidhani ndiyo mwisho. Maafisa walimfuata karakana, akajisajili, yakawa ni yake na wao. Kuchangia ni wajibu wa mwajiri, na mfanyakazi hakatwi hata senti kwenye mshahara kwa ajili ya mfuko huu.

Hapa sasa nataka usome taratibu, kwa sababu ndipo pesa ilipo na ndipo watu wanapopunjwa bila kujua. Ugomvi mkubwa kwangu haukuwa kama niliumia. Ulikuwa mshahara. Malipo karibu yote yanapigwa kutoka kwenye kipato chako cha mwezi. Kipindi ambacho huwezi kufanya kazi, malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya kipato, na yanaweza kwenda hadi miezi 24. Bosi wangu alijaza kwamba alikuwa ananilipa 150,000 kwa mwezi. Asilimia 70 yake ni 105,000. Kweli ni kwamba wiki moja nilikuwa napata kati ya 70,000 na 80,000, yaani kama laki tatu kwa mwezi, ambayo asilimia 70 yake ni 210,000. Nusu nzima ya haki yangu ilikuwa inapotea kwa namba moja iliyoandikwa kwenye kisanduku cha fomu. Zile meseji za Jumamosi ndizo zilizoniokoa. Kwa hiyo kabla fomu haijaondoka, mdogo wako aione namba ya kipato, na kama si sahihi aipinge hapo hapo kwa maandishi, akiambatanisha miamala.

Baada ya hapo kuna kusubiri. Ulemavu wa kudumu haupimwi jicho likiwa bichi. Madaktari wanangoja jeraha litulie, matibabu yafike mwisho wake, ndipo kiwango kinatolewa kwa asilimia. Mimi nilipata mtoto wa jicho kutokana na lile jeraha, nikafanyiwa upasuaji wa pili, na tathmini ikafanywa karibu mwaka mmoja na nusu baada ya ajali. Ukiharakisha tathmini, unaweza kupimwa siku ambayo jicho linaonekana lina matumaini, halafu miezi sita baadaye likazimika. Asilimia ikiwa 30 au chini yake, unalipwa kwa mkupuo. Ikizidi 30, ni pensheni ya kila mwezi. Yangu ilikuwa chini ya 30 kwa sababu la kushoto linaona vizuri, nikalipwa kwa mkupuo. Ilikuwa mara nyingi zaidi ya ile laki mbili niliyotaka kusainishwa. Ukiona kiwango hakilingani na hali yake, kuna haki ya kupinga uamuzi.

Siku ya tathmini aeleze maisha yake yalivyo, asijikaze kiume. Mimi nilipoulizwa "unaendeleaje" nilijibu "nzuri tu, nashukuru", kama tulivyozoea kujibu. Daktari mwenye subira akaniuliza tena kwa namna nyingine: ukimimina chai? Nikamwambia namimina nje ya kikombe. Ngazi? Nashuka nimeshika ukuta. Upande wa kulia watu wananigonga sokoni kwa sababu siwaoni wakija. Kupima pembe ya geti kwa jicho, kazi iliyokuwa inanipa jina mtaani, siwezi tena. Hayo yote yanapaswa kuwa kwenye taarifa.

Kuhusu wale waliokuandikia pembeni wakidai wanajua watu ndani na watakufanikishia kwa asilimia 30, waepuke. Kudai WCF hakuna ada na hakuhitaji wakili. Wakili mngemhitaji kama ajali ingekuwa imesababishwa na mtu mwingine, mfano gari limemgonga barabarani, mkataka kumshtaki aliyesababisha au kwenda kwa bima ya gari lake. Huko madai ya madhara yana ukomo wa miaka mitatu. Kama mkikwama na hamna pesa, kuna mashirika ya msaada wa kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inayatambua, na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya itawaelekeza.

Jambo moja hujaligusa kwenye maelezo yako, nalo lina muda mfupi kuliko yote. Bosi akimwambia "usirudi tena" kwa sababu ya jicho, huo ni mgogoro mwingine na unakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kule ni siku 30 tangu aachishwe. Mimi nilipitwa. Nilidhani madai ya WCF yanabeba kila kitu, kumbe notisi na kiinua mgongo vilikuwa na mlango wake, na nilipoufikia ulikuwa umeshafungwa. Kwa hiyo muulize leo: ameambiwa asubiri apone, au ameambiwa nafasi yake kuna mtu? Na aliambiwa tarehe gani? Nijibu hapa hapa, pamoja na kilichoandikwa kwenye kadi ya hospitali, nitakuandikia ile barua ya kwa mwajiri kama nilivyoandika yangu.